Kidole cha Watasema

Mbwa wa Mama Tusekile aliota kidole.

Ndivyo alivyotangaza mwenyewe Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni pa studio ya Fundi Ambakisye, mwavuli ukichuruzika maji sakafuni, mkono mmoja umeinua picha juu kama refa anayetoa kadi nyekundu. Nyuma yake alikuwa mbwa mwenyewe, Watasema, jibwa la rangi ya majivu, anajipangusa tope kwenye zulia la watu bila hata chembe ya haya.

"Nihesabieni," alisema Mama Tusekile. "Mguu wa nyuma, wa kushoto. Nihesabieni vidole."

Aliyeinama kuhesabu ni Atuganile, mwanafunzi wa studio. Kwenye mguu wa mbwa vilikuwa vitatu. Cha nne kilibaki kwenye mtego wa fuko miaka miwili iliyopita, na mtaa mzima wa Lupondo ulisikia kelele za siku ile. Kwenye picha vilikuwa vinne. Tena vizuri, vimenona, kila kimoja na kucha yake.

"Mimi silalamiki," alisema Mama Tusekile. "Kola yake imebaki kijani, nashukuru. Ila jamani, kama mnaweza kumwotesha mbwa kidole, nina mapengo mawili hapa. Nifikirieni na mimi."

Akacheka, akaiacha picha mezani, akaondoka na mbwa wake. Fundi Ambakisye hakucheka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye utani wa kutosha kila siku. Lakini siku hiyo aliitazama ile picha kwa muda mrefu, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

"Nitalishughulikia," alisema.

Mchana wake akatundika pazia kuzunguka meza yake ya kazi. Na kuanzia hapo Atuganile hakumwamini tena.

*

Sasa, kuota kidole si kosa dogo kama unavyodhani. Huko Lupondo, kwenye miteremko ya Rungwe ambako mvua haipiti bali huhamia kabisa na mizigo yake, kila mbwa alivaa kola yenye taa. Taa ya kijani, mbwa ni mzima. Taa ikigeuka nyekundu, sindano iliyofichwa ndani ya kola humchoma shingoni, akalala, akawa ndiyo amelala.

Hayo yalianza baada ya tetema. Ugonjwa ule ulipoingia nchini uliwapitia mbwa kwanza, halafu wenye mbwa. Dalili yake ya mapema ilikuwa moja tu: mbwa akikimbia, kucha za mguu wa nyuma huburuzika chini. Akitembea huioni. Akisimama huioni. Siku kumi baadaye anaanza kung'ata, hata mkono unaomlisha. Aliyeng'atwa alikuwa na siku mbili za kuwahi sindano hospitali. Zikipita hizo, mtafutieni sanda.

Kwa hiyo kila mwezi, kila mbwa alipigwa picha akiwa mbioni, na picha ikatumwa kwa mtambo wa wilaya ambao watu waliuita Jicho. Jicho lilisoma miguu na kuamua rangi ya taa. Kwenye makaratasi ni jambo rahisi. Lakini hebu wewe nenda kampige picha mbwa mweusi anayemfukuza kuku ndani ya ukungu wa Lupondo! Unapata moshi wenye mkia. Na Jicho halikuwa na subira. Picha isiyosomeka mara tatu, kola nyekundu, kwaheri.

Hapo ndipo mafundi picha walipopatia ugali wao. Sheria iliwaruhusu kuondoa ukungu, kuongeza mwanga na kurekebisha rangi. Miguu ilikuwa mwiko. Fundi aliyegusa mguu wa mbwa kwenye picha alinyang'anywa leseni, na kila picha iliyowahi kupita mikononi mwake ilifutwa, na mbwa wenye picha hizo, wazima na wagonjwa, wote wakalazwa kwa sindano ya kola siku hiyohiyo.

Atuganile alikuja kujifunza kazi hiyo kwa sababu ya Mtajijua. Huyo alikuwa mbwa wa baba yake, Mzee Anyosisye, aliyepoteza macho yote mawili na kuapa kwamba hatashikwa mkono na mtu kwenda chooni. Alijifundishia mbwa mwenyewe. Majirani walipocheka kwamba kipofu anafuga mbwa wa kuwaibia wengine nyama, akampa jina hilo ili kila akimwita, nao wasikie. Ndivyo wanavyofanya kule: mbwa hubeba ujumbe wa mwenye nyumba. Sasa Mtajijua alikuwa mweusi tititi na hatulii, na Jicho lilikuwa limeshamkataa mara mbili. Ilibaki mara moja tu.

Na kusema haki, Ambakisye alijua kufundisha.

"Usimpige mbwa ukiwa umesimama kama mlingoti," alimwambia siku ya kwanza. "Piga magoti. Mwone anavyojiona."

Akamfundisha kuigeuza kamera pamoja na mbwa anavyokimbia, ili mbwa atulie kwenye picha na migomba ya nyuma ndiyo ivurugike. Akamfundisha kumwachia nafasi mbele, maana mbwa anayekimbia akigusana na ukingo wa picha ni kama amegonga ukuta. Kwenye kompyuta akamwonyesha namna ya kuinua kivuli kidogokidogo mpaka manyoya meusi yaanze kuonekana unywele kwa unywele. Majani asiyakoleze yakawa kama ya plastiki. Kazi yote aianzie kwenye nuru ya jicho, kwa sababu picha ya mbwa isiyo na jicho haina mbwa.

"Na ukungu?" aliuliza Atuganile.

"Ukungu tuna Safisha."

Safisha ilikuwa kitufe tu. Wilaya nzima waliitumia, kila studio. Unakibonyeza, ukungu unaondoka, mistari inakaza, kazi ya saa moja inakwisha kabla hujapiga chafya. Atuganile alikipenda mno kitufe kile.

*

Baada ya pazia, mambo yakageuka.

"Kuanzia leo usitume chochote," alisema Ambakisye. "Ukimaliza, niachie. Nitatuma mimi."

"Kwani nimekosea wapi, mwalimu?"

"Hujakosea."

Mtu akikwambia hujakosea huku hakutazami, wewe ungefikiri nini? Atuganile alianza kuhesabu. Zamani picha moja ilimchukua fundi dakika kumi. Sasa alikaa nyuma ya pazia saa nzima na nusu, kwa picha moja! Saa nzima anafanya nini na mbwa mmoja, kama si kumshonea miguu? Halafu wateja wakawa wanaleta mikungu ya ndizi na maziwa ya mgando, eti asante. Asante ya nini? Mbwa wa studio hii walikuwa wanafaulu wote.

Alimkumbuka Watasema na kidole chake. Akajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu anauza miguu.

Lakini kilichomkosesha raha hasa hakikuwa dhambi ya Ambakisye. Ambakisye angejibu mwenyewe kwa Mungu wake. Kilichomtisha ni siku atakayokamatwa, maana siku hiyo kila mbwa aliyepita mikononi mwake angekwenda naye. Na zamu ya Mtajijua ilikuwa wiki inayofuata.

Siku ilipofika, mvua ikapumzika kidogo kabla ya saa sita. Atuganile alipiga magoti kwenye uwanja wa mpira, tope mpaka mapajani, baba yake amesimama golini akipiga mluzi. Mtajijua alikuja kama jiwe la manati. Atuganile akaigeuza kamera pamoja naye, taratibu, bila kushtuka, akabonyeza. Alipotazama kwenye kioo cha kamera alitaka kulia kwa furaha. Jicho la mbwa linang'aa, masikio yamelala nyuma, ulimi uko pembeni, migomba yote ya nyuma imekuwa rangi tupu. Ukungu tu ulikuwa umefunika chini, kuanzia magotini.

"Nzuri hii," alisema Ambakisye studioni, na kweli alionekana kufurahi. "Nzuri sana. Iache hapo, nikirudi kula nitaimalizia."

Atuganile akaitikia kwa adabu. Fundi alipotokomea kwenye kona, yeye akaketi. Akaanza na nuru ya jicho, kama alivyofundishwa. Akainua kivuli. Hakugusa mguu hata kwa mbali. Angeapa kwa Biblia. Akabonyeza Safisha, ukungu ukaondoka, miguu minne ikajitokeza misafi, kila kucha mahali pake. Akatuma mwenyewe.

Jibu lilikuja palepale. Kijani.

Jioni ile alimwambia baba yake kwamba Mtajijua ni mzima, Jicho limesema. Ambakisye alipouliza ile picha iko wapi, alimjibu kwamba baba ameghairi, wamempeleka mbwa studio nyingine. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mwalimu, na aliona ni wa haki kabisa.

*

Siku ya nane baada ya hapo Ambakisye aliitwa na Mama Tusekile kumtazamia paa linalovuja. Pazia likabaki wazi kiasi cha kupitisha mtu mmoja. Atuganile akapita.

Alichokuwa anatafuta ni miguu: ghala ya miguu ya mbwa wazima, ambayo mwalimu anaikata na kuipachika. Hakuikuta. Alifungua picha ya mwezi huu ya Watasema, akafuata hatua zote za kazi, moja baada ya nyingine, kama zilivyohifadhiwa. Mwanga, kwa mkono. Kivuli, kwa mkono. Ukungu, kwa mkono, kwa brashi ndogo kama ya kupaka wanja, mahali pamoja mpaka pengine, mamia ya miguso. Safisha haikutumika hata mara moja. Na mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu.

Akafungua nyingine. Hivyohivyo. Akafungua ishirini. Zote za mkono.

Basi kile kidole kilitoka wapi? Akairudia picha ghafi ya Watasema, ile iliyotoka kwenye kamera na ukungu wake, akabonyeza Safisha yeye mwenyewe, huku macho ameyatoa.

Ukungu ukaondoka. Na kidole kikaota.

Kiliota mbele yake, jamani, hivihivi, bila mtu kugusa! Safisha haikuwa inaona kilichofichwa na ukungu. Ilikuwa inakisia. Ilikuwa imelishwa picha za mbwa wazima maelfu kwa maelfu, kwa hiyo kila ilipokosa kuona mguu, ilichora mguu mzima. Haikujua kuchora mwingine.

Ndipo Atuganile akaikumbuka picha aliyoituma mwenyewe. Akaifungua picha ghafi ya Mtajijua, akachukua ile brashi ndogo, akaanza kuondoa ukungu kidogokidogo kwa mkono, kuanzia gotini kushuka chini. Ilimchukua nusu saa. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umekunjwa vibaya, na kucha zake zimechora mistari mitatu kwenye tope.

"Kumbe picha yake uliituma wewe," alisema Ambakisye.

Alikuwa amesimama penye pazia, amelowa.

"Ulijua," alisema Atuganile. "Ulijua siku ile ya kidole. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningesema! Ningepiga simu wilayani!"

"Ndiyo." Ambakisye akaketi kwenye kiti cha wateja. "Na wilaya ingefuta kila picha iliyopita kwenye Safisha. Mbwa elfu kumi na moja, Atuganile. Nimewahesabu. Wagonjwa labda hawafiki mia. Jicho halichambui, linafuta tu. Nikasema basi, kila mwezi picha ni mpya. Nikifanya zangu zote kwa mkono, mwezi ukiisha mbwa wa Lupondo watakuwa na picha za kweli. Mgonjwa atajulikana, mzima atabaki. Nawaandikia mafundi wenzangu mmoja mmoja nao wafanye hivyo. Wanane nimewaandikia. Watano wamenielewa."

"Na wale wanaong'atwa wakati wewe unaandika barua?"

Fundi akajifuta maji usoni kwa kiganja.

"Hao ndio walioninyima usingizi," alisema. "Usidhani sijawafikiria. Nilikosea kukuficha. Niliona ukijua utabeba mzigo usio wa umri wako. Kumbe nilikupa wasiwasi, na wasiwasi ndio umekubebesha."

Atuganile alitaka kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Mkono wa kwanza wenye haki wilaya nzima ulikuwa nyuma ya pazia lile, na yeye aliukimbia kwa kuuona mchafu.

"Nikituma hii niliyoisafisha kwa mkono," aliuliza, "itakuwaje?"

"Jicho litamkamata yeye peke yake. Litadhani ni picha mpya."

"Na nisipotuma?"

"Leo ni siku ya ngapi?"

Ya nane. Ya nane tangu picha. Tangu mguu uanze kuburuza, nani ajuaye? Atuganile aliinakili picha kwenye simu yake, akatoka mbio bila mwavuli.

*

Mzee Anyosisye alikuwa barazani, amejifunika blanketi, Mtajijua amelala miguuni pake. Mbwa aliinua kichwa, akapiga mkia sakafuni. Macho yake yalikuwa yaleyale. Hilo ndilo lililomuumiza Atuganile zaidi ya yote.

"Baba, njoo ndani. Mwache huyo hapo, njoo."

"Mbona unahema?"

"Njoo kwanza."

"Sema hapahapa."

Akamwambia yote, amesimama mvuani, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua. Akamwambia kuhusu kidole, kitufe, brashi, ile mistari mitatu kwenye tope. Akamwambia kwamba alituma kwa kujificha kwa sababu alimshuku mwalimu wake. Hakujipunguzia hata neno. Mzee alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande wa mbwa.

"Nilimsikia," alisema mzee, mwanawe alipomaliza. "Wiki ya pili sasa. Mguu mmoja unafagia. Niliposikia nikasema, ndiyo yenyewe, tetema hiyo. Halafu ukaja ukaniambia Jicho limesema ni mzima. Nikayashuku masikio yangu. Nikasema, mwanangu ana macho, mimi kipofu nabishana na nini?"

"Baba, nisamehe."

"Una ile picha?"

"Ninayo."

"Inamwonyesha alivyo?"

"Alivyo hasa."

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akaupitisha kwenye mgongo wa mbwa mara moja, kutoka shingoni mpaka mkiani, kisha akauondoa.

"Tuma, basi."

Kidole cha Atuganile kiligoma. Alifikiria njia ya chooni, njia ya kisimani, baba yake amesimama katikati akiogopa kusogea. Alifikiria siku mbili zaidi, siku moja, mpaka kesho tu. Mtajijua alipiga mkia tena. Akatuma.

Taa ikawa nyekundu. Mbwa alishtuka kidogo, kama aliyeumwa na siafu, akaweka kidevu juu ya viatu vya mzee na hakukiinua tena. Mzee Anyosisye alisubiri mpaka pumzi ile ya mwisho ipite. Alipohakikisha, akautoa mkono wa kulia chini ya blanketi, umezungushiwa kitambaa.

"Sasa nifungue huu," alisema. "Sikutaka umtume kwa hasira. Nilitaka umtume kwa kuwa ni kweli. Jana, kengele ya shule ya asubuhi ilikuwa inalia, alinishika. Nikasema ananichezea. Sema unachokiona."

Atuganile alifungua kitambaa. Alitamani kuona mkwaruzo. Alitamani kwa moyo wote, na kwa sekunde moja macho yake yalikaribia kumchorea mkwaruzo.

"Vitobo viwili, baba. Vimepenya."

"Basi tuna mpaka kesho asubuhi."

"Tuna leo. Tunaondoka sasa hivi." Alikuwa ameshalichukua koti la baba yake ukutani, anamvisha mkono mmoja, anatafuta wa pili. "Hospitali watauliza kola ilikuwa rangi gani alipokung'ata."

"Waambie kijani," alisema Mzee Anyosisye. "Na wakikuuliza ilikuwaje ikawa kijani, waambie pia."

Elfu kumi na moja, alifikiri Atuganile, kwa jibu lake moja tu. Watasema na vidole vyake vitatu, na wengine wote. Akamshika baba yake mkono uliobaki mzima, akamvusha juu ya Mtajijua, wakatoka mvuani kuelekea barabarani.